Nakala Sitini

Magazeti yalifika Lamu yakiwa na umri wa siku moja.
Mombasa walikwisha kufungia samaki
habari ambazo sisi ndio kwanza tunazikata kamba.
Baba alikuwa wakala: duka la mlango mmoja, Langoni,
kibao cha bati kimeandikwa KURUNZI,
herufi ya mwisho imeliwa na kutu.
Nakala sitini. Alizihesabu kwa kidole cha mate,
na hakukubali mtu kumsemesha kabla ya hamsini.

Mto ukifurika Garsen, taifa lilikatika.
Siku nne bila rais, bila bei ya bixa,
bila kujua nani kafutwa kazi.
Kisha furushi zima linavuka kutoka Mokowe,
na wazee wanalisoma kwa zamu ya tarehe,
wakibishania Jumatatu kwa jasho
na Alhamisi imelala pale pale, chini ya kiwiko.

Zilizonunuliwa sitini; waliosoma, mji.
Mwalimu Kupi alisoma kwa sauti, akiruka matangazo ya bia.
Mama alikata ruwaza ya gauni langu la Idi
katika hotuba ya waziri:
mkono wa kushoto "maendeleo",
wa kulia "tutahakikisha", na kwapa likabana.
Punda wa Lali alikula ukurasa wa kwanza siku ya bajeti.
Hakuna aliyelalamika.

Mwaka mmoja, ukurasa wa tatu ulikuja mweupe.
Juu tarehe, chini namba, katikati hamna.
Baba hakusema neno. Mwalimu Kupi aliushika
kama anayesoma, akaupitisha kwa jirani,
naye akaupitisha.
Sijaona ukurasa uliosomwa polepole vile.

Halafu wakamuua Bwana Bunu wa Shee.
Picha yake, fremu nyeusi, "ametutoka ghafla".
Alikuja dukani mwenyewe, kikoi kimepigwa pasi:
"Nipe tatu. Sanda ni ghali kuliko hii."
Usiku ule akaandika, asubuhi akatia stempu:

*Mhariri nakujiya, kwa salamu na heshima,*
*Kaburi mwanichimbiya, na mimi bado mzima,*
*Kahawa naitumiya, chungu isiyo huruma,*
*Wino mlonizikiya, nao unipe uzima.*

Wakaichapa! Ukurasa wa washairi, juu kabisa,
vina vyote salama, mizani haikupungua hata moja,
na jina la mtunzi: *Bundi* Shee.
Mji ulicheka wiki nzima. Yeye alicheka zaidi:
"Kwanza maiti, sasa ndege wa maiti. Napanda cheo."
Masahihisho yalitoka mwezi uliofuata,
mistari mitatu, kando ya tangazo la magodoro.

Alipokufa kweli, miaka tisa baadaye,
gazeti halikujua.
Mwanawe aliuliza bei ya tangazo, akashukuru, akatoka.
Baba alipanda kwenye kabati la juu,
akateremsha ile nakala ya zamani,
akaifuta vumbi kwa pindo la shati,
akaifuta tarehe kwa kalamu, akatia nyingine,
akaibandika mlangoni kwa gundi ya unga.
Watu walisimama, wakasoma, wakaenda kuvaa kofia.
Neno "ghafla" hakuligusa.

Duka ni langu siku hizi. Nauza vocha na betri.
Sanduku la makopi yake liko uvunguni;
mchwa wameanza na kurasa za michezo.
Mtu akitaka kujua bei ya bixa hunionyesha simu,
na kama simu imesema uongo
hatuna wa kumwandikia barua yenye vina.

Kurunzi huletwa kwa ndege, la leo leo, nakala nne.
Mbili za ofisi ya kaunti, moja ya Mwalimu Kupi,
ambaye haoni tena, lakini hulipa
na kuliweka pajani mpaka adhuhuri.
Ya nne hurudi.
Asubuhi hii nimekata kamba,
nimelamba kidole,
na kidole kiko hewani tayari
ndipo nikumbuke kwamba nne hazihesabiwi.